DAWA INAYOSHIKA FRENI YA MOYO: Tuelewe betabloka na tuzitumie pasipo hatari



Katika somo la biolojia tumejifunza namna moyo unavyosukuma damu. Leo tunataka kuendelea mbele kidogo, tuzungumze juu ya dawa zinazogusa moyo wenyewe. Dawa hizo zinaitwa betabloka. Zinapatikana katika hopitali na santre za afya, na pia katika vifarmasi vidogo vya sokoni vinavyofuata wachimbaji wa dhahabu kila pahali wanapofungua shimo. Katika nyumba nyingi kuna baba mzee ao mama anayezimeza kila siku juu ya tansio ao juu ya moyo. Mara nyingi ni sisi watoto wa masomo ndio tunaitwa: «Mwanangu, unisomee hapa kwenye kopo, wameandika nini?» Basi inafaa tujue kusoma, na kuelewa kile tunachosoma.

Neno kubwa la somo hili ni moja, mulishike toka mwanzo: betabloka ni freni ya moyo. Freni ya mtu mmoja haikopeshwi kwa mwingine, na haiachiliwi ghafula katikati ya mtelemko. Yote yanayofuata ni kueleza sababu.

1. JINA LAKE

«Bloka» inatoka katika neno la Kifaransa lenye maana ya kufunga njia. «Beta» ni herufi ya pili ya Wagiriki, ile tunayoikuta katika hesabu za pembe. Kwa hiyo betabloka ni dawa inayofunga njia inayoitwa beta. Tutaona sasa hivi ni njia gani.

Kwenye kopo ao kwenye plakete hamutakuta neno betabloka. Mutakuta jina la dawa yenyewe: propranolol, atenolol, bisoprolol, metoprolol, carvedilol, timolol. Muangalie mwisho wa kila jina. Karibu yote yanamalizika kwa «lol», ao kwa «olol» ao kwa «ilol». Hiyo ni alama nzuri ya kukumbuka. Ukisomea mzee kopo na ukaona jina linaisha hivyo, ujue una dawa ya kushika freni mkononi, wala si dawa ya kichwa tu.

2. ADRENALINI NA MILANGO YAKE

Juu ya kila figo tuko na tezi ndogo. Tezi hizo zinatoa maji ya nguvu yanayoitwa adrenalini. Ukikutana na nyoka katika njia ya pori, ao ukisikia mlio wa bunduki, adrenalini inamwagika katika damu. Kwa dakika kidogo tu moyo unapiga mbio, pumzi inafunguka, mikono inatetemeka, sukari inatoka katika ini na kuingia katika damu ili misuli ipate nguvu ya kukimbia. Watu wa kwetu wanasema: «Roho inanipiga.» Wanasema kweli kabisa.

Lakini adrenalini haiwezi kuingia popote inapotaka. Iko kama ufunguo, na ufunguo unataka kitasa chake. Mwaka 1948 Mmarekani mmoja, Raymond Ahlquist, alieleza kwamba vitasa hivyo viko vya namna mbili. Akaviita alfa na beta. Kwanza wengi hawakukubali fikira yake. Kiisha wengine walionyesha kwamba hata beta zenyewe ziko za namna mbalimbali. Sisi tushike mbili:

Beta ya kwanza iko zaidi katika moyo. Ikifunguliwa, moyo unapiga upesi na kwa nguvu. Iko tena katika figo, na huko inasaidia kupandisha tansio.

Beta ya pili iko zaidi katika njia za pumzi ndani ya mapafu, katika mishipa ya damu ya misuli, na katika ini. Ikifunguliwa, njia za pumzi zinapanuka na sukari inatoka katika ini.

Betabloka ni kama mtu aliyeingiza ufunguo usiozunguka ndani ya kitasa. Haufungui mlango, lakini unazuia ufunguo wa kweli usiingie. Adrenalini inakuja, inagonga, inakuta pahali pamejaa. Hivi moyo unapiga polepole na pasipo nguvu nyingi.

Sasa tazama tofauti. Atenolol, bisoprolol na metoprolol zinapenda zaidi beta ya kwanza, ile ya moyo. Propranolol haichagui: inafunga ya moyo na ya mapafu pamoja. Timolol nayo ni vilevile. Kumbuka jambo hilo, kwani tukifika kwa wagonjwa wa asma litatusaidia. Tena ujue kwamba hata zile zinazochagua hazichagui sawasawa kabisa; dozi ikipanda, zinaanza kugusa mapafu pia.

3. MTU ALIYEITENGENEZA

Mutu wa kwanza kutengeneza betabloka yenye kufaa wagonjwa ni James Black, munganga wa Scotland aliyezaliwa mwaka 1924. Wakati ule waganga walikuwa wanatafuta namna ya kupeleka damu nyingi zaidi katika moyo wenye maumivu. Black aligeuza ulizo. Alisema: badala ya kuongezea moyo chakula, tupunguze kazi yake, ili chakula kidogo kinachofika kitoshe. Ni sawa na mtu mwenye punda mchovu. Akikosa majani ya kumuongezea, anaweza kumpunguzia mzigo.

Dawa yake ya kwanza, pronethalol, iliachwa kwa sababu ilionekana kuleta uvimbe mbaya katika panya. Hakukata tamaa. Mwaka 1964 yeye na wenzake walitangaza propranolol, na mpaka leo ingali inatumika duniani pote. Mwaka 1988 alipewa zawadi ya Nobel pamoja na Gertrude Elion na George Hitchings. Alikufa mwaka 2010.

Tufanye hesabu kidogo. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika unapiga mara 100 800 kwa siku moja. Ukishushwa mpaka 60, unapiga mara 86 400. Mgonjwa ameokoa mapigo 14 400 kila siku. Hiyo ndiyo maana ya kupunguza mzigo.

4. INAPONYESHA NINI?

Tuseme kwanza kwamba betabloka haiondoe ugonjwa mara moja kama vile dawa ya minyoo inavyoondoa minyoo. Inashikilia tu ugonjwa. Waganga wanaitoa juu ya mambo haya:

a) Maumivu ya kifua yanayokuja wakati mtu anafanya kazi, kwa sababu mishipa ya moyo imekuwa myembamba. Tena kwa mtu ambaye moyo wake umekwisha kupata shambulio.

b) Moyo unaopiga mbio ao unaopiga ovyo.

c) Moyo uliochoka, wenye kujaza maji miguuni na katika mapafu. Hapa kuna jambo la kushangaza. Zamani waganga walikataa kabisa kumpa mtu wa namna hiyo betabloka, wakifikiri freni itamaliza moyo. Mwaka 1999 utafiti mkubwa wa Ulaya ulioitwa CIBIS-II ulitangaza matokeo yake. Kati ya wagonjwa 1327 waliopewa bisoprolol juu ya dawa zao zingine, walikufa 156. Kati ya 1320 waliopewa kidonge kisicho na dawa juu ya dawa zao zingine, walikufa 228. Freni iliokoa watu. Lakini walianza na dozi ndogo sana, miligramu 1,25, wakapanda polepole. Mtu akianza kwa dozi kubwa, ao akianza wakati pumzi ingali inamkata na maji yangali mengi, anaweza kuzidiwa.

d) Tansio ya juu. Hapa tuseme ukweli. Kwa tansio peke yake, betabloka si dawa ya kwanza tena. Katika mashauri yake ya mwaka 2021, OMS inataka waganga waanze na dawa za namna nyingine. Tena imeonekana kwamba kwa watu weusi betabloka ikiwa peke yake mara nyingi haishushe tansio sana. Kwa hiyo kama mama yako wa tansio anapewa amlodipine na jirani anapewa atenolol, msidhani mmoja ameonewa. Kila mmoja ana sababu yake. Musibadilishane.

e) Kichwa kinachouma upande mmoja mara kwa mara na kumlaza mtu, na mikono inayotetemeka pasipo sababu ya baridi. Hapa propranolol inasaidia.

f) Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kipimo. Jambo hili linatugusa sisi watu wa Kivu. Zamani goita, ule uvimbe wa shingo, ilikuwa nyingi huku kwa sababu udongo wetu hauna iodi ya kutosha. Kisiwa cha Idjwi kilijulikana na wataalamu wa nchi za mbali kwa goita tu. Chumvi yenye iodi ilipoingia, goita ikapungua, na watoto wengi wakaokolewa na ubongo dhaifu. Lakini mwaka 1996 gazeti la uganga la Uingereza, Lancet, lilitoa habari ya watafiti Bourdoux, Ermans na wenzao juu ya Kivu: watu wengine waliokuwa na goita ya zamani, walipopata iodi, tezi yao iliamka na kutoa homoni nyingi mno. Mtu wa namna hiyo anakonda ijapo anakula, anatoka jasho, mikono inatetemeka, na roho inampiga usiku na mchana. Propranolol inatuliza moyo wake wakati munganga anatafuta dawa ya tezi yenyewe. Tafazali, mtu asiache chumvi yenye iodi kwa sababu ya habari hii. Faida yake ni kubwa kuliko hatari. Tunasema tu kwamba mama mwenye goita na moyo wa mbio hana pepo wala hajarogwa; ana ugonjwa wenye dawa.

g) Presha ya jicho. Hapa ni matone ya timolol. Watu wanadhani dawa ya macho inabaki katika macho. Sivyo. Inashuka kwa njia ya pua, inaingia katika damu, na inaweza kufunga pumzi ya mtu wa asma sawa vile kidonge.

5. WATU AMBAO WANAPASWA KUANGALIA SANA

Mtu wa asma. Tulisema beta ya pili inapanua njia za pumzi. Mtu wa asma anaishi kwa msaada wa mlango huo. Ukiufunga kwa propranolol, njia zinajikaza na pumzi inakatika. Ubaya mwingine ni huu: dawa anayovuta wakati wa shambulio, salbutamol, inapita katika mlango uleule. Inafika na kukuta umefungwa. Kwa hiyo ndugu aliye na asma, hata kama ilimwacha toka utoto, aseme wazi mbele ya enfirmie kabla ya kupokea dawa yoyote ya moyo ao ya macho.

Mtu wa sukari. Sukari ikishuka sana katika damu, mwili unapiga kengele: roho inapiga mbio, mikono inatetemeka. Betabloka inanyamazisha kengele hiyo. Jasho peke yake linabaki. Mtu wa sukari anayekunywa betabloka ajue kwamba jasho la ghafula ni alama yake. Ale kitu cha sukari upesi.

Mgonjwa wa malaria kali anayewekewa kinini. Kinini inaweza kushusha sukari ya damu, zaidi kwa mama mwenye mimba na kwa mtoto. Kama mgonjwa alikuwa anakunywa betabloka, kengele iko kimya. Basi jamaa waliomleta waambie enfirmie mara moja: «Anakunywa dawa hii,» na wamuonyeshe plakete.

Mtu ambaye moyo wake unapiga polepole tayari, ao ambaye anaanguka anguka na kuzimia. Freni juu ya freni inasimamisha motokari. Kwa sababu hiyohiyo hairuhusiwi kuchanganya betabloka na dawa ya moyo inayoitwa verapamil pasipo munganga kujua.

Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha. Zingine zinaweza kutolewa, zingine hapana. Aseme kwamba ana mimba, munganga achague.

Tena dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac, ambazo watu wa kazi nzito wanapenda kumeza kila jioni juu ya mgongo, zinaweza kupandisha tansio na kuharibu kazi ya betabloka.

6. FRENI HAIACHILIWI GHAFULA

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo linaua watu, na huku kwetu lina njia nyingi za kutokea.

Mumeona ndugu zetu wa Masisi wanavyotelemka na chukudu iliyobeba viazi ao makala. Gurudumu la nyuma lina kipande cha kaucho, na mwenye chukudu anakikandamiza kwa mguu ili asiende mbio. Akiinua mguu mara moja katikati ya mtelemko, chukudu inakuwa ya nani? Ya korongo. Lakini akitaka kusimama vizuri, anafika kwanza pahali palipo sawa, halafu anaachilia kidogo kidogo.

Ndivyo ilivyo na betabloka. Mwili ukiona milango yake imefungwa siku nyingi, unatengeneza milango mingine mipya ili usikie adrenalini. Mgonjwa anaendelea vizuri kwa sababu kila asubuhi kidonge kinafunga mipya na ya zamani. Siku anapoacha ghafula, adrenalini inakuta milango mingi kuliko zamani, na yote iko wazi. Moyo unaruka mbio, tansio inapanda, maumivu ya kifua yanarudi kwa nguvu. Mtu aliye na mishipa ya moyo myembamba anaweza kupata shambulio la moyo na kufa. Watu watasema alilogwa, kwa sababu jana walimuona mzima.

Kwa nini watu wanaacha? Tuhesabu sababu.

Ya kwanza: anajisikia mzima. «Niko muzima sasa, dawa ya nini tena?» Baba huyo tumueleze kwa heshima kwamba yuko mzima kwa sababu ya dawa. Mtu hatupe mwavuli kwa sababu hajaloa.

Ya pili: dawa imekwisha, na njia imefungwa. Toka huku mpaka Mubi ao mpaka Walikale njia ni ndefu. Mvua inaharibu madaraja, na vita vinafunga barabara pasipo kutuma barua. Dawa ya namna hii, basi, haingojewi mpaka kidonge cha mwisho. Kila juma mtoto anayesoma katika nyumba ahesabu vidonge vya mzee. Vikibaki vya majuma mawili, huu ndio wakati wa kutafuta vingine. Kama hakuna njia kabisa, mgonjwa asingoje viishe. Aende kwa enfirmie vingali viko, ili amuonyeshe namna ya kupunguza polepole kwa siku nyingi, na katika siku zile asifanye kazi nzito.

Ya tatu: dawa inamchokesha. Ni kweli, betabloka inaweza kuleta uchovu, mikono na miguu ya baridi, kizunguzungu wakati wa kusimama, ndoto mbaya, na kwa wanaume wengine inapunguza nguvu za ndoa. Wababa wengi wanaacha dawa kwa sababu hii ya mwisho na wanaona haya kuisema. Munganga amesikia habari hiyo mara nyingi. Anaweza kupunguza dozi ao kubadilisha dawa. Aibu haina faida kaburini.

Ya ine: ameombewa. Sisi ni watu wa sala na hatuoni haya. Lakini kuombewa si kutupa vidonge mtoni. Mtu aliyeombewa na akaamini amepona, aende kupimwa kwa utulivu. Kama amepona, kipimo kitaonyesha, na munganga mwenyewe atapunguza dawa kidogo kidogo. Hakuna haraka. Aliyepona kweli hataharibikiwa na majuma mawili ya kushuka polepole.

7. «DAWA YA WOGA» WAKATI WA EGZAME

Hapa ninawaelekea ninyi wenzangu wa mwaka wa mwisho, na mimi nikiwa katikati yenu. Pengine mutasikia mtu anasema kwamba kuna kidonge kinachoondoa woga wa Egzame ya Serikali. Kidonge hicho ni propranolol. Tusikatae ukweli: propranolol inaweza kuzuia mikono isitetemeke na moyo usiruke. Mwaka 1977 waganga wa Uingereza waliijaribu dawa ya jamaa yake, oxprenolol, kwa wapiga ala za nyuzi, na woga wao ukapungua. Ndiyo maana katika michezo ya kulenga shabaha dawa hizi zimekatazwa. Katika michezo ya Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008, Kim Jong-su wa Korea ya Kaskazini alinyang'anywa medali mbili kwa sababu propranolol ilionekana katika mkojo wake.

Lakini tuulize: inaongeza nini katika kichwa? Hakuna. Haikumbushe kanuni ya hesabu ambayo hukujifunza. Mkono unaotulia juu ya karatasi tupu unaacha karatasi tupu.

Na hatari ni hii. Tuseme katika chumba kimoja cha kulala vijana wane wanagawana plakete moja asubuhi ya egzame. «Yaya, unigawie kimoja, roho inanipiga.» Wawili hawasikii kitu. Wa tatu, ambaye hakukula asubuhi, anasimama upesi na kuanguka kwa kizunguzungu. Wa ine alikuwa na asma alipokuwa mdogo, na hakumwambia mtu. Kabla ya saa ine anavuta pumzi kama mtu aliyefungwa kamba, na dawa yake ya kuvuta haimsaidie. Yule aliyegawa plakete alikuwa na moyo mzuri, alitaka kusaidia. Wema wake ndio uliomfunga ndugu yake pumzi. Tena plakete ile ilikuwa ya mama yake. Mama naye amebaki pasipo dawa siku kumi.

Woga wa egzame uko na dawa zake: kujifunza mapema, kulala, kula uji asubuhi, kuvuta pumzi polepole kabla ya kugeuza karatasi. Kama woga unamshinda mtu kabisa, aende kwa enfirmie akasikilizwe. Hakuna haya.

8. MASHAURI YA KUWEKA UKUTANI

— Dawa hii itolewe na munganga ao enfirmie aliyekupima, wala si na mwenye kuuza sokoni pamoja na sabuni.
— Imeze saa ileile kila siku. Ukisahau, meza unapokumbuka. Lakini kama saa ya kingine imekaribia, uache kile ulichosahau. Usimeze viwili kwa mara moja.
— Usome tarehe ya mwisho kwenye kopo. Ukipewa vidonge ndani ya karatasi tupu pasipo jina, uombe jina liandikwe.
— Ukipelekwa kupasuliwa, ao kung'olewa jino, sema kwamba unakunywa betabloka. Lakini usiiache mwenyewe.
— Weka mbali na watoto. Vidonge kidogo tu vinaweza kushusha sukari na moyo wa mtoto mdogo mpaka kufa. Mtoto ao mtu mzima akimeza vingi, mkimbize hopitali na kopo lake mkononi. Usingoje aonyeshe alama.
— Pumzi ikikata na kutoa mlio, miguu ikivimba, mtu akizimia, ao mapigo yakishuka chini ya 50 na kizunguzungu juu yake: nenda kupimwa siku ileile.

9. KAZI YA MIKONO

Kila mwanafunzi ajue kuhesabu mapigo ya moyo. Weka vidole viwili, cha pili na cha kati, upande wa ndani wa mkono wa mwenzako, chini ya kidole gumba. Usitumie kidole gumba chako, kwani nacho kina pigo lake na kitakudanganya. Hesabu kwa nusu dakika ukitazama saa, halafu uzidishe kwa mbili. Mtu mzima anayepumzika yuko kati ya 60 na 100. Kisha mwenzako akimbie kuzunguka kiwanja, uhesabu tena. Tofauti unayoiona ni kazi ya adrenalini pamoja na mishipa ya fahamu. Ukirudi nyumbani wakati wa livu, umhesabie baba ao mama anayekunywa dawa hizi, uandike tarehe na hesabu katika kikaye. Kikaye hicho akipeleke kwa munganga. Kitamsaidia kuliko maneno mengi.

MAULIZO YA KUJIBU KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini propranolol ni hatari kwa mtu wa asma kuliko bisoprolol, na kwa nini bisoprolol nayo haiko salama kabisa?
2. Mzee ana vidonge 20 vya atenolol, anameza kimoja kila asubuhi. Kwenda na kurudi kutafuta vingine kunachukua siku 6, na mara nyingi njia inafungwa siku 5. Atume mtu siku gani, asipite siku gani?
3. Mgonjwa wa sukari anayekunywa betabloka anatoka jasho jingi ghafula, lakini roho haimpigi. Utafanya nini kwanza?
4. Rafiki yako anakuomba kidonge kimoja tu asubuhi ya egzame. Mpe jibu lenye upendo na lenye sababu mbili za biolojia.

Majibu mutayaleta katika saa ya biolojia, na Bwana Mwalimu atayasahihisha.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho, Omate